Maji ya Alfajiri Namba Tisa

Mbwa ndio waliofukua. Asubuhi ya Alhamisi, maiti ya fundi Abeli ilikutwa ndani ya shimo la choo la nyumba namba tisa. Daktari wa polisi aliikagua: jeraha la kisogoni, kifo cha tangu Jumatatu.

Hapo ndipo mtaa mzima wa Reli, Kilosa, ulipoingiwa na baridi. Kumwagilia kuta mbichi za nyumba za kikundi cha waathirika wa mafuriko ilikuwa kazi ya Abeli peke yake, kila alfajiri. Na kila alfajiri, hata leo, maji yalisikika yakimwagwa! Ndiyo maana hakuna aliyemtafuta.

"Marehemu anamalizia kazi yake," alisema Mwanvua, katibu wa kikundi. "Watu wanazikimbia nyumba, afande. Ni za bei nafuu, sawa, lakini nani alale na mzimu?"

Inspekta Verdiana alizunguka eneo la tukio. Kuta za namba saba zilikuwa kavu, zimeanza kupasuka. Za nane vilevile. Za tisa zilikuwa na baridi kama mtungi. Alipozigusa, nywele zilimsimama. Hata yeye aliogopa, asikudanganye mtu.

"Mzimu gani huu unaobagua nyumba?" aliuliza. "Namba tisa ni ya nani?"

"Ya Beda. Yuko hemani na mama yake mgonjwa tangu mafuriko."

Beda aliletwa. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Alfajiri ulikuwa wapi?"

Beda aliitazama suruali yake.

"Kuta za wenzako zimekauka, Beda. Zako nani kazimwagilia?"

"Zingepasuka, afande. Mama angelala wapi?"

"Abeli ulimfanya nini?"

"Alikuja na nyundo. Akasema ukuta wangu unavunjwa, umeziba njia ya majirani ya kwenda bombani. Nikamsukuma. Akaangukia mashine ya kufyatulia matofali. Sikutaka kumuua, Mungu wangu! Mama anakohoa kwenye turubai mwaka wa tatu huu!"

Verdiana alimkunjulia karatasi iliyotoka mfukoni mwa marehemu. Ilikuwa ramani mpya, yenye saini za kamati ya kikundi. Namba tisa ilikuwepo, imesogezwa hatua tatu tu ili njia ibaki wazi. Pembeni Abeli alikuwa ameandika jina la mama yake Beda.

Beda aliisoma mara mbili, kisha akakaa chini kwenye udongo.

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimpa nafasi?" aliuliza Verdiana.