Volti au Wati Dukani kwa Harilal

Kila Jumamosi Jinal alisimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme la baba yake, Mzee Harilal, eneo la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kazi yake ilikuwa kujaribu. Kwa Mzee Harilal kitu hakitoki dukani kabla mteja hajakiona kikifanya kazi: balbu iwake kwenye bodi, pasi ipate moto, birika lichemshe, ndipo mteja afungiwe mzigo wake. Jinal alikuwa binti wa darasa la saba tu, lakini kwa habari za volti na wati hakuwa na mpinzani, na mwenyewe alilijua hilo vizuri mno.

Asubuhi hiyo binamu yake Ravi aliingia kutoka Iringa, ambako alikuwa anafungua duka lake mwenyewe, eneo la Ipogolo.

"Bingwa wangu!" alisema, akiweka sigara mbili za umeme juu ya kaunta. "Nataka kuagiza katoni nzima. Hii unapanga volti, hii unapanga wati. Nichague ipi?"

Moyo wa Jinal ulidunda kwa furaha. Mtu mzima, mwenye duka, anamwomba yeye ushauri! Akazifungua haraka. Ndani aliona koili, waya mwembamba uliosokotwa, ambao ukipata moto hugeuza kimiminika kuwa mvuke.

"Rahisi, Kaka Ravi! Ukipanga volti, kila ukibadilisha koili unapiga hesabu upya. Koili yenye ukinzani mdogo, yaani isiyouzuia umeme sana, ukiipa volti zilezile inapata moto kupita kiasi, inaungua. Ukipanga wati, kifaa chenyewe kinapima koili na kurekebisha volti. Chukua ya wati!"

"Kumbe wewe ni injinia kabisa!" Ravi alipiga makofi.

Mara akaingia Goodness, rafiki wa Jinal wa darasani, aliyetumwa balbu na mama yake. Shule nzima ilimjua kwa mbio, na wiki iliyofuata alikuwa anakwenda Iringa kushindana.

"Mbona kunanukia embe? Hicho nini?"

Kichwa cha Jinal kilikuwa kimeshavimba. Akamweleza yote, volti, wati, koili, bila hata kuvuta pumzi.

"Basi kijaribu nikione," alisema Goodness. "Si ndiyo kawaida yenu hapa?"

Jinal aliitazama bodi. Palikuwa na mahali pa balbu, pa pasi, pa birika. Pa kitu hiki hapakuwepo.

"Kaka, hii inajaribiwa wapi?"

Ravi alicheka. "Mdomoni! Mpe rafiki yako avute kidogo. Ni mvuke wa embe tu."

Goodness alinyoosha mkono. Jinal nusura ampe. Kisha akaona kifua cha rafiki yake kikipanda na kushuka, maana alikuja mbio kama kawaida yake, na hofu ikamshika. Alikuwa amesifia kitu bila kujua kinaingiza nini ndani ya mtu.

"Hapana! Goodness, usiiguse!" Akaificha nyuma ya mgongo. "Baba! Njoo!"

"Unataka kuniharibia biashara?" Ravi alinong'ona kwa ukali.

Kumpinga mkubwa si jambo dogo, lakini Jinal hakurudi nyuma. Mzee Harilal alipotoka stoo, Jinal alimsimulia yote, hata kwamba yeye ndiye aliyeisifia.

"Ravi, humo ndani mna nini?" aliuliza mzee.

"Ladha tu, Baba mdogo. Na nikotini... kidogo."

"Nikotini ndiyo hiyohiyo ya kwenye sigara, inayomfanya mtu ashindwe kuacha. Na mvuke huo unaumiza mapafu. Mtoto anajiandaa kukimbia, wewe unampa hiyo?"

Ravi aliona aibu. "Nisamehe, Goodness. Sikufikiri." Akazirudisha begini. "Siagizi tena. Jinal, nichagulie mabirika mazuri ya kuuza."

Jinal aliruka kwa furaha, na Goodness akampigia makofi.

Mzee Harilal akamshika binti yake bega. "Hesabu yako ilikuwa sahihi kabisa, mwanangu, ndiyo maana nusura ikudanganye. Mtu akikuuliza kipi bora kati ya viwili, kwanza uliza vinamfanyia nini anayevitumia. Ukiona vyote vina madhara, mjibu hakuna, hata kama ni mkubwa wako. Leo umefanya hivyo, na kosa lako hukulificha. Kwa hilo najivunia sana."