Kitabu Kimoja Kila Jumamosi

— Leo uko na ngapi?

— Moya.

— Moya tu tena?

— Fundi, mi si imprimerie ya kuchapa bitabu. Unaitaka ao hauitaki?

Kavuo alinipa kitabu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni chai ya moto. Kilikuwa kitabu cha jiografia, jalada lake limevishwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nilifungua ukurasa wa kwanza. Muhuri ulikuwapo: "Mwalimu Nzanzu, Eringeti." Chini yake, kwa wino mwekundu, namba 14.

Nilikaa juu ya kasha lake la mbao, lile analolifunika kitenge kwa ajili ya wateja, nikatoa daftari. Nikaandika: Butembo, kwa Kavuo, Jumamosi ya tisa, namba 14.

— Unaandikaka yote?

— Yote.

— Hata nguo yenye nilivaa?

— Hapana. Ile nakumbukaka bila kuandika.

Akageuza uso akaanza kupanga vitabu vilivyokuwa vimepangwa tayari. Gamaliel, mzee anayeuza vitabu kwenye meza ya jirani, akakohoa kwa makusudi.

— Mi pia niko na bitabu, Fundi. Mais hakuna mutu anatokaka Beni juu yangu.

Mimi ni Éliakim, fundi wa cherehani pale Beni. Shule niliiacha darasa la sita, mwaka tuliokimbia Eringeti; mengine nilijisomea katika vitabu vilivyokwisha kutumika. Mwalimu Nzanzu alikuwa baba yangu. Alikuwa na vitabu ishirini na vinne, vyote na muhuri na namba, na vyote vilibaki nyuma. Baba alifariki bila kuviona tena. Baadaye nikasikia kwamba dereva mmoja alivikuta na kuviuza njiani, nikaanza kuvitafuta.

Beni nilipata viwili, kwa mama mmoja anayepanga vitabu kando ya ndoo za mchele. Lubero nilipata kimoja, kwa mzee anayeviweka juu ya magunia ya viazi na hakuuzii mpaka umweleze kwa nini unakitaka. Kanyabayonga nilipata kimoja katika duka la majembe na misumari. Kilikuwa kinazuia mlango usipigwe na upepo. Ndipo, nikirudi, nikasimama Butembo, kwenye meza ya Kavuo, na tangu siku ile kila Jumamosi alikuwa na kimoja. Kimoja tu. Nilijiambia labda kuna mtu anamletea kidogo kidogo. Mimi huwa sipendi kumshuku mtu.

Siku hiyo alinimiminia chai, akauliza:

— Katika zile zinabakia, ni gani unatafutaka sana?

— Namba moya.

— Juu ya nini?

— Ni kitabu ya nyimbo. Papa aliandika mule majina yetu, siku tulizaliwa, na neno kidogo juu ya kila mutoto. Picha zake zote zilibakia Eringeti. Mama anasemaka mwandiko yake njo sura yake yenye ilibakia. Sasa macho ya Mama iko nachoka. Docteur alisema, pengine mbele mwaka iishe hataweza kusoma tena.

Kikombe kikasimama mkononi mwake.

— Haukuniambiaka ile.

— Haukuuliza.

Akamwaga chai yake, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

Kesho yake, nikitoka kanisani, ujumbe ukaingia:

"Fundi, kuya kesho. Usingoje samedi. Na ulete kamba ya nguvu."

Nikampigia.

— Kavuo, kuko nini?

— Kuya tu.

— Uko mugonjwa?

— Bado.

Jumatatu saa nne nilikuwa Butembo. Nikasalimia, nikakaa juu ya kasha lile lile.

— Simama, akasema.

— Juu ya nini?

— Simama tu, Fundi.

Nikasimama. Akaondoa kitenge, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na vitabu kumi na kimoja, vimepangwa vizuri, vyote vimevaa karatasi ya saruji. Sikuhitaji kuona muhuri. Namba zilikuwa mgongoni, kwa mwandiko wa Kavuo. Ya chini kabisa ilikuwa namba moja.

— Ziko hapa tangu lini?

— Mbele ukuye mara ya kwanza. Chauffeur mumoya alikuya na kasha nzima, maji imeingia.

— Donc nilikuwa naikalia.

— Ulikuwa unaikalia.

— Samedi tisa.

— Tisa.

Gamaliel akashika kitabu na kukisoma kwa bidii. Alikishika kichwa chini miguu juu.

— Juu ya nini, Kavuo?

— Siku ya kwanza uliuliza na sauti ya chini sana, hata Gamaliel hakusikia. Batu bote banakuyaka hapa na makelele. Weye ulisema "samahani" kwa kitabu yenye ilianguka. Nikajiambia: nikimupa yote leo, atasema asanti, atapanda pikipiki, itaisha.

— Ungeniomba nirudi.

— Mwanamuke anaomba ile namna gani? Niandike kwa ukuta, "Fundi, rudi"?

Siku nyingine ningecheka.

— Mama yangu iko anapoteza macho, Kavuo.

— Sikujua. Kama ningejua, ningeibeba na kichwa mpaka Beni.

Nilifunga kasha kwa kamba. Nilifunga polepole, fundo juu ya fundo.

— Mi nilikuwa naamini kila samedi, nikasema.

— Najua.

— Asanti kwa bitabu.

Nilisema "asanti" kama ninavyomwambia mtu aliyenionyesha njia. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nyumbani Mama yangu, Mama Agar, hakungoja nivue viatu. Alikaa mlangoni penye mwanga, kitabu namba moja juu ya magoti, akapitisha kidole chini ya kila jina. Alisoma polepole, na alipofika kwenye jina langu akasoma kwa sauti:

— "Éliakim. Husikia kwanza, ndipo husema."

Akageuza kitabu, akapapasa mgongo wake.

— Nani alishona hii?

— Muuzaji.

— Muuzaji anabandikaka na colle. Huyu alishona kurasa yote na uzi, na hakufunika mwandiko hata moya. Jina yake nani?

Nikamweleza yote. Nilitegemea akasirike pamoja nami. Badala yake akachomoa karatasi ndogo iliyokuwa katikati ya nyimbo.

— Nisomee. Hii si mwandiko ya papa yako.

Nikasoma: "Samedi ya mwisho. Kumupa hii, kumuambia ukweli yote, na kumuuliza kama anaweza kurudi bila kitabu."

Nikafungua vitabu vingine. Kila kimoja kilikuwa na karatasi yake na tarehe yake: Jumamosi ijayo, ile inayofuata, na nyingine, moja baada ya moja, mpaka karibu na Noeli.

Mama akacheka mpaka kilemba kikateleza.

— Weye na daftari, yeye na tarehe. Batoto benu batazaliwa na calendrier mukononi.

— Alinidanganya, Mama.

— Alikudanganya, njo kweli. Na siku alisikia juu ya macho yangu, alingoja Noeli?

— Hapana. Siku moya tu.

— Haya. Na weye ulimuambiaka unakuyaka juu ya nini?

— Bitabu.

— Beni mpaka Butembo, na vumbi yote ile, juu ya jiografia ya zamani. Leta daftari yako.

Nikalileta. Hakuweza tena kusoma mwandiko wangu mdogo, akaniagiza nisome mwenyewe. Nikasoma: "Jumamosi ya tatu, mvua. Kitabu nimepewa saa tatu asubuhi. Nimeondoka saa kumi."

— Kutoka saa tatu mpaka saa kumi ulikuwa unafanya nini?

Nikafunga daftari.

— Papa yako aliandika unasikiaka kwanza, akasema. Jatatu pale, ulisikia?

— Nilifunga kasha.

— Sasa nakuuliza. Nani alikutuma kuniletea kasha na kumuacha mwenye kasha?

Jumamosi nikashuka Butembo na kasha tupu mgongoni. Gamaliel aliniona kwanza. Akamwambia mteja wake arudi baadaye, akavuta kiti.

Kavuo alikuwa ameinamia meza. Nililiweka kasha mahali pake pa zamani, nikalikalia.

— Leo uko na ngapi?

Akainua uso. Macho yalikuwa yamevimba kidogo.

— Sina, Fundi. Ziliisha.

— Haina mbaya. Sikukuya juu ya kitabu.

— Ulikuya juu ya nini?

— Kurudisha kasha. Na kuomba pole. Nilifunga kamba mbele ya kusikia.

— Mais nilikudanganya.

— Ulinidanganya. Mara ingine usinidanganye.

— Na kama napenda ubakie?

— Sema: bakia.

Akatazama Gamaliel, akatazama barabara, akatazama vidole vyake.

— Bakia, akasema.

— Sikusikia, akasema Gamaliel. Na mi niko karibu kabisa.

— Gamaliel, uza bitabu yako.

Nikatoa karatasi ndogo mfukoni, nikampa. Nilikuwa nimeandika tarehe, na chini yake: "Kuuliza papa yako, Papa Jean-de-Dieu, siku gani anaweza kutupokea."

Alisoma mara mbili. Kisha akaiweka katikati ya kitabu alichokuwa amekishika, akakishika kifuani, na mteja aliyetaka kukinunua akaambiwa hakiuzwi.

Papa Jean-de-Dieu, baba yake, ni mfanyabiashara wa kahawa, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Aliuliza mambo mawili tu: kama sisi Waprotestanti tunakunywa divai ya ndoa, na mbuzi. Divai tulielewana. Mbuzi tulielewana kumi na wawili, kufuatana na desturi.

Siku ya mahari, Gamaliel ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Aliingia uani amevaa koti la mazishi, akivuta mbuzi mmoja.

Wazee wa upande wa Kavuo wakamtazama mbuzi. Wakatazama mlango. Hakuna mwingine aliyeingia.

— Msemaji, akasema Papa Jean-de-Dieu, mi nahesabu moya.

— Unahesabu muzuri, Papa.

— Zingine kumi na moya?

— Ziko. Tutaleta moya moya, kila samedi.

Shangazi mmoja akaweka chini sahani.

— Nani alibafundisha malipo ya namna ile?

Gamaliel akainama kwa heshima.

— Papa, ni mutindo ya nyumba yenu. Tulisomea hapa hapa Butembo, miezi mbili na zaidi.

Nyuma ya pazia, mahali bibi arusi anapopaswa kukaa kimya mpaka aitwe, mtu akacheka. Alijaribu kukizuia, kicheko kikamtoka puani. Papa Jean-de-Dieu akageuka polepole. Hadithi ya kasha aliijua. Butembo nzima iliijua.

— Kavuo.

— Papa.

— Ulimufundisha weye mwenyewe. Sasa unasema je? Tungoje?

Pazia likafunguka kidogo.

— Papa, mi naomba msamaha mbele ya bote. Alete zote leo. Kungoja ni mbaya, sasa nimejua.

Ndipo mbuzi mmoja akalia nyuma ya ukuta wa jirani, na wengine kumi wakamjibu. Wazee wakaanza kucheka, Papa Jean-de-Dieu wa mwisho, lakini ndiye aliyecheka muda mrefu kuliko wote.

Wakati vijana wanaingiza mbuzi, Mama alimwita Kavuo akae karibu naye, akafungua kitabu cha nyimbo, akauliza nani ana kalamu. Nikampa yangu. Akainama karibu sana na ukurasa, pua ikigusa karatasi, na chini ya jina langu, karibu na mwandiko wa Baba, akaandika kwa herufi kubwa zisizo sawa: "Kavuo."

— Haya, mutoto wangu. Kila mutu hapa iko na neno yake. Ya kwako niandike je?

Kavuo akafikiri.

— Andika, Mama: alisema kweli, mais alichelewa.

Mama akatikisa kichwa. Akaweka kalamu tena kwenye karatasi, akaandika taratibu, nami nikasoma juu ya bega lake:

"Hushona kilichoraruka."

— Ya kuchelewa, akasema Mama, tutamuachia Éliakim aandike mu daftari.