Kiungo cha Sleyum

Fundi Sleyum alikutwa amekufa mbele ya gereji yake, Wattaya, mara baada ya sala ya adhuhuri. Gurudumu la mbele la gari kuukuu lilikuwa limemkanyaga kifua. Mikononi alikumbatia jiwe.

Inspekta Aflah, aliyekuwa polisi Unguja kabla ya kuja Maskati mwaka sitini na nne, alichungulia ndani ya gari. Gia imetiwa. Breki ya mkono imevutwa. Na bado gari limeserereka mteremkoni.

Akajilaza mchangani, akatazama chini. Shafti, chuma kinachopeleka nguvu magurudumuni, ilining'inia. Baina yake na giaboksi, pale pakaapo kiungo cha kuviunganisha, hapakuwa na kitu. Na breki ya mkono ya magari yale ya zamani hushika hapo hapo nyuma ya giaboksi, haigusi magurudumu. Ukikitoa kiungo, gia na breki zote kazi bure.

"Bi Mahfoudha," alimwuliza mjane, "kiungo ki wapi?"

"Si kimo humo? Jana kakitia, mwanangu. Miaka mitatu anahangaika nacho. Cha ngozi kikipasuka kwa joto, cha turubai kikikatika mchangani. Hiki kakishona kwa matabaka ya tairi, akaongeza tundu za bolti zikawa sita."

"Na jiwe hili?"

"Mto wake huo. Kila akirudi msikitini hujinyoosha kivulini, kichwa juu ya jiwe."

"Hulitia mbele ya gurudumu?"

"Wapi! Hukaa pale ukutani."

Aflah akafahamu. Aliyekitoa kiungo aliona gari linataka kwenda, akalizuia kwa jiwe la karibu. Sleyum karudi, kautaka mto wake, kauvuta.

"Nani alikuwa akikitaka?"

Mahfoudha alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Bakhit wa Azaiba. Gari lake na hili mapacha, na kiungo chake kimekatika. Mkewe, Hind, siku ya tatu hii ana uchungu, mtoto hatoki. Kaja asubuhi analia, anakitaka apate kumpeleka hospitali Matrah. Kwao hakuna gari jingine, na hili letu halina rejeta. Marehemu kamkatalia. Kamwambia, 'Sijakijaribu. Kikikatika jangwani utamzika njiani. Ngoja kesho.'"

"Kesho!"

"Nami nikamwambia hivyo hivyo. Mwenye uchungu anangojeshwa?"

Landrova ya polisi ilifika Azaiba kabla ya alasiri. Bakhit alikaa mchangani kando ya gari lake, spana mkononi, grisi mpaka viwikoni. Hakukimbia.

"Wewe umekitoa kiungo cha Sleyum?"

"Mimi. Mwambie ntamrejeshea."

"Sleyum amekufa, Bakhit. Gari limempanda."

"Muongo! Nilitia jiwe! Kwa mikono yangu hii! Nikalisukuma gari, nikaona limeshika."

"Jiwe lile mto wake. Kalivuta."

Spana ikamdondoka.

"Sikutaka afe," alisema. "Nilimbusu mikono asubuhi, Bwana Inspekta. Alipokwenda kusali nikakifungua, nikadandia lori la mawe, na kipande cha njia nikakimbia."

"Yuko wapi Hind? Mtoeni, mpakieni kwenye Landrova. Mengine tutasema njiani. Haraka!"

Bakhit hakuinuka.

"Nilikuwa kwenye bolti ya nne," alisema, "wanawake wakaanza kumlilia ndani."

Aflah alivua kofia.

"Sikujua la kufanya. Nikakaza ya tano. Nikakaza na ya sita."