Goli Lililopita Ubavuni

Katika mji mzima wa Honkaranta, kwetu Ufini, hakuna mtoto anayeaminika kwa kazi kama mimi, Helka Korpela. Ukinituma, nimefika. Ukiniambia fagia, nitafagia mpaka sakafu iseme basi, inatosha. Muulize mtu yeyote. Ila usimuulize mama yangu, wala mwalimu wangu, wala Kocha Raimo, wala Bi Sirkka anayetunza uwanja wa barafu. Waulize wengine.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, mshambuliaji wa timu yetu ya hoki ya barafuni, jezi namba kumi na saba. Siku zangu za majira ya baridi zilifanana kama mayai. Asubuhi uji wa shayiri wenye siagi, huku nje bado giza. Kisha shule. Kisha mbio kwenda uwanjani na begi la vifaa mgongoni, begi lililonizidi ukubwa hata majirani wakawa wanaulizana, "Lile begi linampeleka wapi yule mtoto?" Mazoezi, chakula, kulala. Kesho yake, yai lingine.

Wiki ya likizo ya Februari ndiyo iliyokuwa tofauti. Wiki hiyo mji wetu uliandaa mashindano ya kimataifa ya vijana wasiozidi miaka kumi na mitatu, na timu zikaja kutoka Latvia, Estonia, Norwe, Uswidi na Slovakia. Wageni walilala shuleni kwetu, juu ya magodoro yaliyotandazwa madarasani. Darasa letu walipewa Walatvia. Nilipochungulia, nilikuta soksi za mtu zimeanikwa juu ya ramani ya dunia, moja Afrika, nyingine Amerika.

Kwetu mashindano kama hayo huendeshwa kwa ujima. Kila mzazi ana zamu yake na kila mchezaji ana kazi yake. Mama alichoma soseji mlangoni. Baba yake Senja, rafiki yangu na beki wetu, alipanga magari. Mimi Bi Sirkka alinikabidhi nyavu za magoli.

"Kisahani kikipigwa kwa nguvu hukata nyuzi," alinieleza, akimaanisha kile kidude cheusi cha mpira mgumu tunachokipiga kwa magongo. "Kabla ya kila mchezo, pitisha mkono kwenye wavu wote: juu, nyuma, ubavuni. Ukikuta tundu, lizibe kwa kamba hii. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Sirkka."

"Umesikia kwa masikio, au kwa mikono?"

"Kwa vyote viwili."

Alinitazama kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini muuzaji, kisha akapanda mashine yake ya kulainisha barafu na kuondoka taratibu. Bi Sirkka hana haraka na jambo lolote.

Siku mbili za kwanza nilifanya kazi yangu vizuri. Tuliwafunga Waestonia, tukatoka sare na Waswidi, tukawafunga Waslovakia. Jumamosi tukajikuta nusu fainali dhidi ya Latvia. Elewa jambo hili: mashindano yalikuwa yamefanyika miaka kumi na minne, na Honkaranta, wenyeji wenyewe, hatukuwahi kufika fainali hata mara moja. Kocha Raimo alikuwa hali chakula, anakunywa kahawa tu.

Asubuhi hiyo nilikagua wavu wa kwanza. Mzima. Nikaenda wa pili. Chini kabisa, ubavuni, karibu na nguzo, vidole vyangu vinne vilipita bila kubisha hodi, na nyuzi za pembeni zilikuwa zimelegea. Nikatia mkono mfukoni nitoe kamba. Mkono ukatoka na pakiti ya pipi.

Zile ni pipi zetu nyeusi za chumvi. Sisi tumekua nazo, tunazila kama wengine wanavyokula njugu. Lakini mgeni akiiweka mdomoni mara ya kwanza, uso wake hujikunja kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Na wakati huo huo Walatvia walikuwa wanaingia mlangoni.

Tundu litasubiri, nilijiambia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Juu ya nyavu hawakusema neno.

"Karibuni! Pipi tamu za Ufini!" nilinadi.

Wanane walichukua. Saba walitema. Wa nane, golikipa wao, kijana mrefu mwembamba aliyeitwa Gatis, aliitafuna huku machozi yakimlengalenga, akaimeza.

"Nzuri," alisema, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu. "Naomba nyingine."

"Umeipenda kweli?"

"Hapana. Ni ya kocha wangu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulipiga soga hadi tukaitwa kuvaa, nami nikakimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Tundu nikaliacha pale pale, na kamba ikabaki mfukoni mwa koti.

Mchezo ulikuwa mgumu kama jiwe. Waamuzi walizitikisa nyavu kama kawaida, wakaona ziko sawa, maana tundu lile lilijificha chini. Vipindi vitatu vikaisha mbili kwa mbili. Tukaingia dakika tano za nyongeza, ambapo atakayefunga kwanza ndiye mshindi.

Katika dakika ya tatu, nahodha wetu Jalmari alinisukumia kisahani nikiwa pembeni kabisa mwa goli lao, mahali ambapo hata bibi kizee hapigi. Nikapiga. Gatis alikuwa ameshapiga magoti, mguu wake umebana nguzo, hakuna nafasi hata ya karatasi. Nilikiona kisahani kikigonga wavu kwa nje, chini, ubavuni. Nilikiona kikizama. Halafu nikakiona kimelala ndani, nyuma yake.

Taa nyekundu ikawaka.

Ukumbi ulilipuka. Wenzangu walinirukia wote, nikawa chini ya lundo, shavu juu ya barafu. Kutoka pale chini niliuona ule wavu. Nyuzi mbili zilizokatika zilikuwa zinaning'inia.

"Helka! Tuko fainali! Fainali, we mtoto!" Jalmari alinipigia kelele sikioni.

Kocha Raimo, mtu ambaye husema maneno sita kwa siku, alikuwa analia huku amemkumbatia baba yake Senja.

Mchezo ukiisha, timu hupanga mistari na kupeana mikono. Gatis alikuja wa mwisho. Kocha wake alikuwa ametoka kumwambia jambo. Lugha yao siijui, lakini kidole chake kilionyesha katikati ya miguu ya Gatis, na hilo lilieleweka.

"Goli zuri," Gatis aliniambia, macho mekundu. "Kosa langu. Niliacha mguu wazi."

Hakuacha kitu wazi. Katika watu mia tatu waliokuwa mle ndani, aliyejua hivyo nilikuwa mimi peke yangu.

Chumbani kwetu watu waliimba, wakarushiana maji. Mimi nilikaa na kofia yangu ngumu kichwani.

"Mbona hujavua kofia, bingwa?" Senja aliniuliza.

"Senja, hivi goli linaweza kufutwa mchezo ukishaisha?"

"Refa akiwa hajasaini karatasi ya matokeo, labda. Akishasaini, hata askofu halifuti. Kwa nini?"

"Najiuliza tu."

"Mtu hajiulizi tu hivyo, Helka."

Nilifikiria fainali niliyoiota tangu nina miaka mitano. Nilifikiria machozi ya Kocha Raimo. Halafu nikamfikiria Gatis ndani ya meli na basi, safari nzima hadi kwao, akirudia rudia mguu ambao hakuuacha wazi. Nikasimama. Nikaenda moja kwa moja kwa refa, kifua mbele, bila kutazama nyuma.

Alikuwa mezani, kalamu mkononi.

"Goli langu si goli," nilisema. "Lilipita ubavuni. Wavu una tundu. Nililiona asubuhi, na kuliziba ilikuwa kazi yangu. Sikuliziba."

Refa aliweka kalamu chini. "Mwanangu, unajua unachosema? Wewe si ndiye mfungaji?"

"Ndiyo maana nimeliona."

Tulikwenda golini. Bi Sirkka alikuwa ameanza kulainisha barafu, akasimamisha mashine katikati ya uwanja, akashuka, akapiga goti bila kuuliza. Mkono wake ukazama ubavuni mwa wavu, vidole vikatokea upande wa pili kama vinanisalimia.

Refa akalifuta goli. Timu zote mbili zikaitwa zirudi: dakika mbili za nyongeza zilikuwa zimebaki.

Bi Sirkka alinipa kamba. "Haya, ziba."

"Sasa hivi? Bi Sirkka, watu wote wananitazama."

"Tundu halina aibu. Ziba."

Nilipiga magoti, nikafunga fundo, nikafungua, nikafunga tena. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia soseji za mama zikichirizika mafuta mlangoni.

"Umetuuza!" Jalmari alinifokea nilipofika kwenye benchi. "Umetuuza kwa Walatvia! Si bora ungehamia kwao kabisa, ukalale nao kwenye magodoro?"

Nilimgeukia Kocha Raimo. Nilijua ataniambia nivue jezi. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Kazeni kamba za viatu," alisema. "Mchezo haujaisha."

Nilipoingia uwanjani, Gatis alikuwa ameshaelezwa. Aligonga nguzo yake kwa gongo mara mbili, akaniitikia kwa kichwa, akainama kwenye goli lake kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

Dakika mbili zikaisha bila goli. Tukaenda kwenye penalti. Zamu yangu ilipofika nilimpiga chenga kulia, nikaenda kushoto, nikainua kisahani juu. Gatis alikidaka kwa utulivu, kama mtu anayepokea mkate mezani. Walatvia wakashinda, wakaenda fainali wao.

Jalmari hakusema nami siku nzima. Wengine walisema nami, lakini kwa sauti ya watu walio msibani. Nyumbani mama alinipakulia viazi na samaki, akanikalia karibu. Nililia kidogo kwenye viazi.

Jumapili asubuhi tulikuwa na mchezo wa kuwania medali ya shaba dhidi ya Wanorwe. Nilifika mapema kukagua nyavu. Nikiwa kwenye ule wa pili, mtu akapiga goti upande wa nje, akaanza kupapasa nyuzi. Alikuwa Jalmari.

"Usidhani nimekusamehe," alisema.

"Sijadhani."

"Hapa pamelegea. Pitisha kamba huku."

Nikapitisha. Tuliwafunga Wanorwe nne kwa mbili, na goli la tatu lilikuwa langu, limepita mbele, mahali magoli yanapopita. Jalmari alikuwa wa kwanza kunirukia.

Baada ya medali, Bi Sirkka aliniita kwenye mashine yake. Nikaja na shaba yangu shingoni.

"Unajua kwa nini nilikupa wewe nyavu?" aliuliza.

"Kwa sababu unaniamini?"

"Kwa sababu hutulii mahali pamoja. Nilitaka ujifunze kumaliza kitu." Akakaa kwenye ngazi ya mashine, akanionyesha nami nikae. "Sasa nisikilize, sirudii. Kazi ndogo ukiiacha, haibaki ndogo. Yako ilikuwa ya dakika mbili. Ikageuka machozi ya mtoto wa watu, na wenzako wakafurahia kitu kisicho chao. Hilo ni lako, usilisahau."

"Silisahau."

"Sijamaliza. Kila mtu hukosea. Hata mimi niliwahi kumwaga maji yote ya mashine hii mlangoni, watu wakaanguka kama magunia. Ukishakosea, mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni kusema ukweli mapema. Kila unavyongoja, mlango huo unazidi kuwa mwembamba. Wewe ulipita ungali unapitika. Umekosa fainali, lakini yule kijana anakwenda kwao akijua mguu wake ulikuwa mahali pake, na wewe unaweza kuivaa hiyo shaba bila kuinamisha kichwa." Akawasha mashine. "Haya, shuka. Barafu inaningoja."

Hicho ndicho kisa chenyewe. Mwalimu alipotuambia tuandike jambo la kweli lililotufundisha kitu, niliandika hili, nikampa Senja alisome kwanza. Alicheka alipofika kwenye pipi. Kwenye kupeana mikono akapunguza mwendo. Halafu, mbele kidogo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"'Nikaenda moja kwa moja kwa refa, kifua mbele, bila kutazama nyuma'?"

"Eeh. Pana kosa la tahajia?"

"Na chooni je?"

"Chooni wapi?"

"Helka! Ulijifungia chooni. Nikakugongea, ukasema tumbo. Nikagonga tena, ukasema bado tumbo. Mara ya tatu nikakwambia refa ameshashika kalamu, ndipo ukatoka. Na nilikushika mkono mpaka mezani kwake, maana ulikuwa unataka kurudi."

Niliinama, nikajifanya natafuta kifutio chini ya dawati. Nilipoinuka, Senja alikuwa ameninyooshea kalamu.