Ufunguo wa Sanduku la Wachongaji

Foleni ya posta ya Temeke ilifika hadi mlangoni, na joto la siku ile, acha tu! Flaviana, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, aliona jina lake kwenye bahasha mkononi mwa kijana asiyemjua.

"We kaka! Hiyo barua yangu."

Kijana akageuka, shati limejaa vumbi la mpingo. "Kumbe Flaviana ndiye wewe? Mie Kasiani. Ufunguo wa sanduku la wachongaji ninao mie siku hizi."

Ndivyo ilivyo mjini, sanduku moja la posta watu thelathini. Marehemu baba yake Flaviana alikuwa mchongaji, na familia iliendelea kupokea barua kwa sanduku la chama chao.

"Haya, usije ukazifungua. Barua ya mtu ukiifungua au ukiificha ni kosa, unashtakiwa."

"Nikitaka habari zako nitakuuliza mwenyewe. Naomba namba."

Jeuri hiyo! Flaviana akampa.

Miezi minne ikapita kwa simu. "Mpenzi, umekula?" "Nimekula, ila sijashiba bila wewe." "Muongo!" Wakapendana, wala hawakujificha.

Jumatatu moja simu ikapigwa kutoka chuo cha uuguzi Songea. Barua ya kukubaliwa ilitumwa mwezi uliopita. Mwisho wa kuripoti ni Ijumaa, na aje nayo mkononi. Flaviana alikuwa ameomba chuo kile miaka miwili mfululizo.

Akampigia Kasiani papo hapo. "Barua yangu ya chuo ilifika?"

"Ilifika."

"Iko wapi?"

"Siwezi kusema, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Hutaki niende, ndiyo maana umeificha. Kesho tukutane polisi!"

Asubuhi akamuaga mama yake, Margareta, akamweleza anakwenda kumshtaki nani na kwa nini. Mama akaweka kikombe chini, chai haijafika nusu.

Kituoni, Kasiani alikuja mwenyewe bila kuitwa. "Afande, ufunguo ninao mie. Niandike mie."

Flaviana roho ikamuuma. Alimpenda, na alitaka chuo chake, vyote viwili.

Mara mama akaingia anahema, kanga imemponyoka begani.

"Shikamoo mama," Kasiani akasema chinichini.

"Marahaba, mwanangu. Flaviana, mwache. Aliniletea mie nyumbani, akaona mama ndiye mkubwa wa nyumba. Nikaifungua. Nikaona Songea! Baba yako kaondoka, na wewe uondoke?" Akatoa bahasha iliyochanika kwenye pindo la kanga. "Nikamwapisha asiseme."

Afande akaweka kalamu chini. "Mwenye barua ni wewe, dada. Tuendelee?"

Flaviana akaichukua bahasha yake. "Tuache, afande. Ila mama, usirudie. Hata ya mwanao, barua ni ya mwenye jina."

Nje akamshika Kasiani mkono. "Ungefungwa, kisa mdomo mzito!"

"Ningemsemea mama mkwe? Kosa langu moja tu, nilipaswa kukupa wewe mkononi. Nisamehe."

"Mama mkwe nani? Umeshaposa?"

"Nipe mpaka kesho."

Jumatano jioni mshenga akabisha hodi, mzee wa chama cha wachongaji, kanzu imepigwa pasi. Alileta barua ya posa, na kwa desturi barua hiyo huandikiwa mzazi, naye ndiye huifungua. Juu iliandikwa wazi: Mama Margareta.

Margareta akaigeuza mara mbili, kisha akampa binti yake ikiwa bado imefungwa.

"Fungua wewe. Inakuhusu."

Flaviana akafungua, akasoma mpaka mwisho, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mzee, mwambie nimekubali. Ndoa nikimaliza chuo, miaka mitatu. Na kesho alfajiri aje anisindikize stendi, begi langu zito."