Mikono Misafi ya Adila

Kila alasiri akirudi kutoka madrasa, Adila alimfunga bibi yake, Bi Mwaija, dawa ya goti. Bi Mwaija aliteleza bafuni, goti likavimba. Zahanati walisema mfupa ni mzima, apumzike tu. Naye akaongeza dawa aliyofunzwa zamani na jirani yake wa Kihindi: manjano mabichi yaliyotwangwa, yakachanganywa na mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Uvimbe ulikuwa umeanza kupungua. Jumamosi bintiye, Shamsia, angeolewa huko Msata, na Bi Mwaija hakutaka kabisa kuikosa harusi hiyo.

Siku nyingine mama yake ndiye aliyetwanga na kupaka, yeye akifunga kitambaa tu; lakini Alhamisi Adila aliachiwa kazi yote, akakitazama kinu, akanuna. Manjano hayatoki mikononi kwa sabuni, na kesho yake angepakwa hina. Nani anataka hina juu ya viganja vya manjano? Akachota unga wa bizari kwenye kopo la jikoni, akaukoroga na mafuta kwa kijiko, akampaka bibi kwa kijiko hichohicho na kumfunga. Kazi ikaisha mara moja. Hakujua kwamba mama yake aliisaga bizari ile ya mchuzi pamoja na pilipili.

"Mama yangu wee! Fungua, mjukuu wangu, naungua!"

Mama alikuja mbio na maji, akaliosha goti. Ngozi ilikuwa imetoka vipele.

"Labda manjano yenyewe yalikuwa mabovu," Adila alisema.

"Nionyeshe mikono," Bi Mwaija akasema. "Umetwanga manjano, viganja vikabaki vyeupe hivi?"

Adila aliona aibu, machozi yakamtoka. "Nisamehe, bibi. Nilitia bizari ya mchuzi. Niliogopa kuharibu hina."

Kesho yake vipele vilipotulia, Adila alitwanga manjano bila kutumwa, asubuhi na jioni.

Jumamosi Bi Mwaija alishuka garini Msata kwa mkongojo, lakini kwa miguu yake mwenyewe. Mwanvita, binamu yake Adila, akacheka. "Mikono gani hiyo, Adila?"

"Nilikuwa namtwangia bibi dawa," Adila alijibu, wala hakuificha.

Bi Mwaija akavishika viganja vile. "Pilipili iliniunguza, mjukuu wangu, lakini uliponiambia manjano ni mabovu uliniumiza zaidi. Mgonjwa hupokea dawa kwa sababu anamwamini anayempa. Ukikosea, sema upesi, tupate kurekebisha."

Kisha akamwegemea begani, wakaingia kwa bibi harusi.