Sura ya Tano

Haya yalimpata mama yangu mdogo, si mtu wa mbali. Alikuwa mkutubi katika maktaba ya chuo, na kila ulipofika msimu wa kukabidhi tasnifu alihamishiwa meza ya msaada kwa miezi miwili. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kutafuta marejeo na kunyoosha sentensi zilizopinda. Alizoea kutania kwamba mwanafunzi na tasnifu ni chanda na pete, ila pete yenyewe imebana.

Jumatatu moja, saa nane mchana, binti mmoja aliketi mbele yake. Alivaa sweta zito ingawa joto lilikuwa la kukausha mate. Akasema kwa sauti ya chini kuwa amebakiza sura ya tano tu. Mama mdogo akampenda papo hapo, maana alisikiliza kwa makini na hakubishana na kalamu nyekundu.

Akawa anakuja kila siku, saa nane ileile. Kilichomshangaza mama mdogo ni wanafunzi wengine. Walifika mezani wakauliza kama kile kiti kina mtu. Yeye akawajibu, si mnamwona mwenzenu? Wakatazamana, wakaondoka.

Alhamisi alimwomba binti ajiandikishe kwenye daftari la mahudhurio.

“Jina langu mnalo, mama,” binti akanong’ona. “Tangu mwaka jana.”

Alipoondoka, mama mdogo alilifukua daftari la zamani kabatini. Jina alilikuta mwishoni, siku ya kufunga msimu, na pembeni pameandikwa sura ya tano. Kwenye nafasi ya maoni palikuwa na maneno mawili, kwa mwandiko wake mwenyewe: Aje kesho.

Hapo akakumbuka. Siku ile alikuwa amechoka na alitaka kuwahi likizo. Akafunga meza mapema, na kulikuwa na binti aliyesimama na karatasi kifuani, akimsihi. Alimwambia kesho huku akijua fika kesho hatakuwepo.

Akaenda kumwuliza mkutubi mkuu, ambaye wote walimwita Bi Kimya. Bi Kimya alilitazama lile jina. Akamweleza kwamba binti yule aligongwa na gari hapo getini, alasiri ileile, akitoka maktaba. Hakufika hospitali. Karatasi zake zilisambaa barabara nzima.

Bi Kimya akamsihi achukue ruhusa. Mama mdogo alikataa. Alisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Ijumaa, saa nane, alikuwa mezani. Kiti kikasogea.

“Tumebakiza hitimisho, mama.”

“Nisamehe, mwanangu.”

“Tuandike kwanza.”

Wakaandika. Binti alitamka, mama mdogo akanyoosha. Hakuinua macho. Alisikia pumzi ya mtu mmoja tu, nayo ilikuwa yake. Aya ya mwisho ikaisha. Akaweka nukta.

Binti akakusanya karatasi zake taratibu, akazilinganisha pembe. Kisha akainama karibu na sikio lake.

“Wenzangu nao hawakumaliza. Waje?”

Mama mdogo alipoinua uso, kiti kilikuwa kitupu; palikuwa na wanafunzi wawili tu, wakisoma mbali, karibu na dirisha.

Jumatatu aliwahi kazini, akafungua mlango yeye mwenyewe. Maktaba ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa jioni. Mbele ya meza yake palikuwa na viti saba, vimepangwa foleni, vyote vikimtazama.

Alipita akivigusa kimoja kimoja kwa kiganja.

Vyote vilikuwa na joto, kama vile watu wameinuka sasa hivi.